Kadi Mbili za Chakula

Kambi ya Ziwa la Mierezi, karibu na Ely
Jumapili, 16 Juni 2019

Mama na Baba wapendwa,

Baba, heri ya Siku ya Akina Baba. Picha nimeichora mwenyewe, imo ndani ya bahasha hii. Huyo ni wewe kwenye mtumbwi. Mguu wako mmoja uko ndani ya maji kwa sababu nilishindwa kuuchora.

Barua hii ndiyo tiketi yangu ya chakula cha jioni. Kila Jumapili mlezi wa banda letu, Hattie, anasimama na kikapu mlangoni pa bwalo, na asiyetia barua ya nyumbani haingii. Simu zetu zimefungiwa ofisini tangu jana. Del, anayelala kitanda cha juu yangu, ametia bahasha yenye karatasi tupu. Anasema mwaka jana alifanya hivyo majira yote ya joto na mama yake hakuuliza. Del anatoka Milwaukee na anapenda kusema mambo ya kutisha ili aangalie uso wa mtu.

Mimi lakini nina jambo la maana la kuandika, nalo ni kikao chetu cha kadi, cha kuamua ipi ikae na ipi ifungwe.

Najua mtakifanya mwisho wa mwezi kama kila mwaka, na hii ni mara ya kwanza sitakuwepo. Miaka yote nimekuja kambini wiki mbili za mwisho tu. Wiki saba ni zawadi kubwa, Mama, nami nimeshukuru kweli, ila nilipokuwa nafungasha sikufikiria kwamba kikao kitanipita. Nani atashika mkasi? Tafadhali kadi zitakazofungwa msizikate. Ziwekeni kwenye droo ya vijiko, nitazikata mwenyewe nikirudi.

Mwalimu wetu Bi. Lindqvist alitufundisha kwamba hoja nzuri huelezwa kana kwamba msomaji hajui lolote, kwa hiyo nitaeleza, ingawa mnajua kuliko mimi. Tuna kadi nne za mkopo. Benki zote zimeandika jina la Mama, na Baba amepewa nakala chini yake. Ya kijani inatupa pointi nyingi za zawadi tukinunua chakula supamaketi. Ya buluu ni ya petroli, nyekundu ni ya ndege, na ya fedha ni ya hoteli. Kila moja nimeibandika utepe wa gundi wenye jina la kazi yake ili Baba asikosee, kama siku ile alipolipia petroli kwa kadi ya chakula na Mama akanyamaza mpaka tukavuka mpaka wa Wisconsin.

Sasa kura yangu. Nyekundu ifungwe. Hatujapanda ndege tangu harusi ya Shangazi Ingrid, na ada yake ya mwaka inauma. Buluu haina ada, haitusumbui, ikae. Kijani ikae, hilo halina mjadala.

Kuhusu ya fedha naomba mnisikilize. Najua ada yake inaingia Julai, na najua Baba kila mwaka hujifanya wakili wa kuipinga, akisema kwa ada hiyo tungelala chumba chochote tunachotaka. Naiheshimu hoja yake. Lakini tukilipa ada tunapewa usiku mmoja wa bure, na usiku huo ni wa mji wa Duluth, siku mnayokuja kunichukua. Chumba kimoja, vitanda viwili, sisi watatu, na meli za chuma zikipita dirishani. Halafu asubuhi, kwenye kifungua kinywa cha hoteli, kuna ile mashine ya mikate ya vishimo, ya waffle, ambayo Mama anaogopa kuigeuza na Baba anamgeuzia. Mwaka huu sitaki kitu kingine, hata siku yangu ya kuzaliwa.

Kadi ya fedha ibaki. Hiyo ndiyo kura yangu.

Mtoto wenu,
Maren


St. Paul
Jumamosi, 22 Juni

Bibi Mkasi,

Nakujulisha kwamba mguu wangu umetoka majini salama. Picha nimeibandika kwenye jokofu, na kila nikichukua maziwa natamani ningekuwa mwembamba hivyo.

Kura yako imefika, lakini kikao kilitangulia. Tulikifanya mapema mwaka huu. Hakikuwa na bisi. Mama, jaji wetu wa kila mwaka, hakugonga meza na mwiko wake hata mara moja, kwa hiyo ujue tulikuwa na adabu sana. Nyekundu imefungwa, umeshinda hapo. Buluu ameichukua Mama. Mimi jina langu limetolewa kwenye kijani, basi nimeomba kijani yangu mwenyewe, ya benki ileile. Imefika jana, inang'aa kama jino la mtoto. Haina utepe. Nikiwa kaunta naiangalia na sijui niifanyie nini.

Ya fedha bado iko mezani. Nimesoma ulichoandika juu ya Duluth. Nimesoma zaidi ya mara moja.

Jipake dawa ya mbu, hata masikioni.

Baba


Nyumbani, Roseville
Jumamosi, 22 Juni

Maren wangu,

Soksi zako za sufu nilizikuta kitandani, nitazituma Jumatatu. Kila jioni jikague kupe, nyuma ya magoti hasa. Picha ya Baba yako nimempelekea, ameifurahia.

Kadi ni mambo ya kawaida, usijali. Nyekundu nimeifunga. Kijani nimebaki nayo, na buluu. Mambo mengine tutayaona.

Cheza, mwanangu. Una miaka kumi na tatu, si mhasibu wa benki. Nilikulipia ziwa zima, liogelee.

Nakupenda,
Mama


Kambi ya Ziwa la Mierezi
Jumapili, 30 Juni

Mama na Baba wapendwa,

Nimepata barua mbili siku moja! Bahasha mbili, stempu mbili, na banda zima likapiga makofi. Zamani mliniandikia karatasi moja, Mama juu, Baba chini akibanwa mpaka maneno yake yanapanda pembeni kama sisimizi. Nimeona mmeamua kunipendelea kwa sababu ya wiki saba. Del alisema tu, "Bahasha mbili, eeh," akageukia ukuta.

Kuna makosa mawili kwenye barua zenu, nayasema kwa heshima.

La kwanza ni dogo. Mama anasema picha amempelekea Baba, na Baba anasema ameibandika kwenye jokofu. Mama, kama iko kwenye jokofu, umempelekea wapi? Labda imefunikwa na ile ratiba ya takataka. Itazame vizuri, mtumbwi una rangi ya machungwa.

La pili ni kubwa. Mama amebaki na kijani, na Baba amechukua kijani nyingine. Nyumba moja haihitaji kadi mbili za chakula! Ninyi wenyewe ndio mlionifundisha. Pointi zikigawanywa kwenye kadi mbili, hakuna hata moja inayofika mahali, na kila mwaka mtalipa ada mara mbili kwa ajili ya jokofu moja.

Nimejaribu kuwatetea kabla ya kuwalaumu. Kwanza niliwaza labda benki imeweka kikomo na sisi tumekipita. Lakini tuko watatu tu, Baba anakula mchana kazini, na majira haya mimi sipo kabisa. Mnakula nini hasa? Kisha niliwaza labda benki inatoa zawadi kwa kadi mpya. Kama ni hivyo, Baba, umefanya ujanja mzuri. Chukua zawadi, halafu uifunge turudi kwenye moja. Tafadhali niambieni ni lipi kati ya hayo mawili, kwa sababu nalifikiria hata nikiwa kwenye mtumbwi. Nimefaulu mtihani wa kupiga kasia peke yangu, lakini Hattie anasema nilikuwa nanong'ona mahesabu njia nzima.

Ada ya kadi ya fedha inaingia mwezi huu unaoanza kesho. Sitaki kuwasumbua. Nakumbusha tu.

Mtoto wenu,
Maren


Nyumbani, Roseville
Ijumaa, 5 Julai

Maren wangu,

Hongera kwa mtumbwi! Nimewaambia majirani wote, hata yule asiyenisalimia.

Jana ilikuwa sikukuu ya Nne ya Julai. Fataki niliziangalia nikiwa nimekaa kwenye ngazi za nyuma. Nilitengeneza saladi ya viazi ya watu wengi kwa mazoea, sasa naila asubuhi na jioni.

Kuhusu kadi mbili za chakula, hesabu yako haina kosa. Nitakueleza tukionana, maana si jambo la barua. Kuhusu ya fedha, niachie mimi. Ila usimtajie Baba yako. Si siri kubwa, nimechoka tu kubishana naye juu ya kadi.

Mama


St. Paul
Ijumaa, 5 Julai

Bibi Mkasi,

Umenibana ukutani na sina pa kutokea. Ningekuwa na jibu zuri ningekupa. Sina, basi chukua habari.

Kadi yangu ya kijani imeanza kazi. Juzi nimenunua chumvi, sifongo, kifungulia makopo na pazia la bafu. Unajua sijawahi kununua chumvi maishani? Nilidhani inakuja na nyumba. Yule mama wa kaunta akaniuliza, "Unaanza maisha, kijana?" Nikamwambia, "Naanza wiki tu, mama." Akanipa mfuko wa pili bure, nadhani kwa huruma.

Kuhusu ya fedha, niachie mimi. Usimwambie Mama, nataka kiwe kitu cha kushtukiza.

Piga kasia. Mahesabu yatakungoja.

Baba


Kambi ya Ziwa la Mierezi
Jumapili, 14 Julai

Mama na Baba,

Sijui bahasha hii niandike anwani gani. Nimeandika ya nyumbani. Mama, ukishaisoma mpelekee Baba, kama ulivyompelekea picha.

Alhamisi tulikuwa ufukweni tukisubiri zamu ya mitumbwi, nikamsomea Del barua zenu ili anisaidie kutafuta kosa la kadi. Nilipofika kwenye pazia la bafu akainua mkono kama yuko darasani.

"Ngoja, ngoja. Pazia la bafu? Kwani kwenu hamna?"

Nikamwambia tunalo, lina samaki, na ni jipya.

"Na chumvi?"

"Chumvi imejaa. Mama ananunua lile kopo kubwa."

"Basi, mwenzangu, hizo si kadi mbili za jiko moja. Hayo ni majiko mawili."

Nikamwambia yeye anapenda kutisha watu tu.

"Napenda, ndiyo. Ila sasa hivi sitishi mtu. Mimi mwaka jana pia nililetwa wiki saba. Mama akasema zawadi! Nikarudi nikamkuta baba kwenye nyumba nyingine, ana kochi la kupuliza. Unadhani kwa nini mama hakuuliza habari ya karatasi tupu?"

"Muongo wewe."

"Haya, mimi muongo. Waulize wao basi."

Nikammwagia maji ya ziwa. Hakunimwagia, na hapo ndipo nilipoogopa, kwa sababu Del hurudisha kila kitu.

Tangu siku ile nimesoma barua zenu upya na kila sentensi imegeuka. Nilikuwa nasoma juu ya kadi. Mama, uliangalia fataki peke yako? Baba, hilo jokofu ni la nani?

Halafu kuna jambo jingine. Kila mmoja wenu ameniandikia juu ya kadi ya fedha "niachie mimi", na kila mmoja ameniomba nisimwambie mwenzake. Nilijaribu kutii wote wawili. Haiwezekani kwenye barua ya watu wawili, basi nimesema. Mnisamehe.

Bi. Lindqvist anasema swali gumu liwe fupi. Je, Baba anaishi nyumbani?

Kama jibu ni ndiyo, mnicheke, nami nitamwagia Del ndoo nzima. Lakini nawaomba mnijibu kwenye karatasi moja, Mama juu, Baba chini. Hata kama ni maneno machache.

Maren


Roseville na St. Paul
Jumamosi, 20 Julai

Maren wetu,

Umeomba karatasi moja, ndiyo hii. Naandika jikoni, kisha nampelekea Baba yako aandike sehemu yake.

Jibu ni hapana. Baba haishi nyumbani tangu Jumatatu ile baada ya kukuleta kambini. Amepanga nyumba ndogo St. Paul, karibu na kazi yake. Hakuna aliyemkosea mwenzake jambo la kutisha. Tumeacha kuelewana muda mrefu, Maren, na mbele yako tulikuwa na adabu sana, mpaka adabu yenyewe ikatuchosha. Mimi ndiye niliyesema wiki saba zitatosha, ukirudi ukute kila kitu kimeshapangwa na hakuna anayelia. Sikufikiri kwamba ungekaa huko na kutusahihisha mahesabu.

Kikao cha kadi kilifanyika kwa wakili. Yeye ndiye aliyesema tutenganishe kadi kabla ya vitu vingine vyote. Tulikaa pande mbili za meza yake ya kioo na kugawana kijani na buluu, nami nikaona tepe zako za gundi, nikaifunika kijani kwa kiganja. Wakili akadhani ninapinga.

Kadi ya fedha sikuifunga. Nimelipa ada, usiku wa bure umeingia, na chumba cha Duluth nimeshakiweka, Jumamosi tarehe tatu Agosti, vitanda viwili, wewe na mimi. Hilo nililiweza.

Mama

Bibi Mkasi,

Mama ameniletea karatasi. Yuko chini kwenye gari, injini inawaka, posta inafungwa saa sita. Kwa hiyo sina nafasi ya mzaha, na labda ni heri.

Yote aliyoandika hapo juu ni kweli. Nilitaka kukuambia tangu barua ya kwanza, nikaishia kukuambia habari za chumvi.

Sasa nimesoma hilo la Duluth. Maren, mimi pia nina kadi ya fedha. Nilijua jina langu litaondolewa kwenye ile ya zamani, nikaomba yangu. Wanatoa usiku wa bure kwa kadi mpya ukishaitumia vya kutosha, basi nikalipia kitanda na kochi kwa kadi hiyo ili zawadi iwahi. Imewahi. Nimeweka chumba. Duluth, Jumamosi tarehe tatu, hoteli ileile, vitanda viwili, wewe na mimi. Hatukuambiana kwa sababu siku hizi hatuambiani.

Kwa hiyo kuna vyumba viwili na mtoto mmoja. Wewe ndiye bingwa wetu wa kuchagua. Utakalosema ndilo litakuwa.

Baba

Nimesoma hii garini. Todd, usimpe mtoto kazi hiyo. K.

Si kazi, Kirsten. Nimempa heshima. T.

Ni kazi. Tutaamua sisi. K.

Haya, tuamue. T.

Posta inafungwa. K.


Kambi ya Ziwa la Mierezi
Jumapili, 28 Julai

Mama na Baba wapendwa,

Asanteni kwa karatasi moja. Nilimwonyesha Del chini pale mlipoandikiana. Alisoma mpaka mwisho, akasema, "Angalau wako wanagombana kwenye ukurasa mmoja." Nadhani alikuwa ananipongeza. Jioni hii ametia kikapuni bahasha ambayo si tupu. Hakuniambia kaandika nini na sikumuuliza.

Nilingoja wiki nzima barua ya kusema mmeamua. Kila siku baada ya chakula cha mchana Hattie anasoma majina, na kila siku jina langu halikuwemo. Basi nikajua mnaningoja mimi.

Nimejaribu kweli. Kwanza niliandika kwamba chumba kimoja kirudishwe, tulale watatu kwenye kile kingine kama zamani, Baba kitanda cha mlangoni. Niliandika mpaka nikatia sahihi. Nilipoisoma ilikuwa barua ya mtoto mdogo, nikaichana. Kisha niliandika kwamba tuombe vyumba vyenye mlango wa katikati, niuache wazi. Del akasema mlango kama huo una kitasa upande huu na kitasa upande ule, na mwaka jana yeye alilala akisikiliza kama kuna atakayefungua. Hiyo pia nimeichana. Kisha nikafanya kama tunavyofanya kwenye kadi. Nilichora mstari katikati ya karatasi, faida za chumba cha Mama huku, faida za chumba cha Baba kule. Zilitoka sawa kwa sababu ni hoteli ileile. Bi. Lindqvist alitufundisha kumheshimu mpinzani, lakini hakutufundisha hoja ambayo pande zote mbili ni zangu.

Siwezi kuchagua. Mama, ulisema kweli ni kazi. Baba, ulisema kweli ni heshima, nami nakushukuru, lakini nairudisha. Amueni ninyi. Hata mkirusha sarafu, nitalala chumba nitakachoambiwa. Sitalia mbele ya atakayeshinda wala mbele ya atakayeshindwa.

Mkasi pia sitauhitaji mwaka huu. Nyekundu iacheni kwenye droo.

Ninaloliweza ni la asubuhi. Pale chini kwenye kifungua kinywa hakuna anayeuliza mtu amelala chumba gani, nimekumbuka vizuri, wanaangalia tu kama una sahani. Kwa hiyo Jumapili asubuhi nitakuwa kwenye meza ya dirishani na nitashika viti viwili zaidi ya changu. Mama, mashine usiiogope, mwaka huu nitakugeuzia mimi. Baba, wewe kaa tu unywe kahawa yako. Hamtahitaji kuzungumza. Mkate mmoja hauchukui muda, mashine inalia yenyewe ukiiva. Mkiweza kukaa mpaka ilie mara tatu, mkate mmoja kwa kila mtu, itanitosha. Mkishindwa, mmoja pia ni mkate.

Hapa chini nimebandika tepe mbili za gundi, Hattie amenipa kutoka chumba cha kazi za mikono. Nimeandika CHAKULA kwenye zote, kalamu ileile, herufi kubwa kama kawaida. Zibandueni polepole. Mmoja ni wa kijani ya Mama na mmoja ni wa kijani ya Baba, kwa sababu Baba amesema hajui aifanyie nini akiwa kaunta.

Utepe wa pili mkono wangu uliteleza na maneno yamepinda kidogo. Nilitaka kuandika mwingine lakini utepe umekwisha. Tafadhali msigombanie ulionyooka.

Mtoto wenu,
Maren